Aliyelishika Gari Mwisho

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima na uko kazini. Sisi huku tunasukuma siku. Watoto wamefungua shule, yule mkubwa amenipita kimo na anajidai nacho kupita kiasi. Wifi yako anakusalimu. Amesema nisisahau kuliandika hilo, nami nimeliandika mapema ili nisisumbuliwe. Gereji ipo pale pale na kibao cha Baba sijakitoa, ingawa rangi imebanduka na jina lake linasomeka nusu.

Mama ndiyo hivyo. Masikio yamekwisha kabisa, simu haisikii tena, mpaka useme naye karibu na uso na utamke polepole. Figo zimemwangusha. Kila Jumatatu na Alhamisi nampeleka hospitali kusafishwa damu. Daktari amesema akikosa siku moja anaweza kuvumilia, akikosa mbili mfululizo tusimlaumu mtu.

Nakuandikia kwa sababu namba yangu uliifunga, huu mwaka wa tatu. Sawa. Ila lipo jambo.

Unalikumbuka lile gari la kijivu la mwenye duka la vioo. Mwenyewe alilikataa baada ya yale yaliyotokea, likabaki kwangu, na ndilo ninalompakia Mama. Ugonjwa wake ni ule ule. Asubuhi linakwenda vizuri. Likishapata moto, tukiingia foleni ya kile kilima cha hospitali, nikiachia mafuta tu linazimika. Napiga ufunguo, injini inazunguka lakini haishiki, mpaka tukae nusu saa lipoe. Taa ya injini inawaka, na mashine ya kusomea inataja sensa ya throto. Nimefunga sensa mpya. Hakuna kilichobadilika.

Wewe unafundisha mambo haya chuoni, na nyaya za gari lile ulizishika kwa mikono yako. Niambie nitazame wapi.

Nasikia bado unaishi peke yako. Si neno, kila mtu na bahati yake.

Kaka yako


23 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua imefika, ahsante. Mimi ni mzima. Nina wanafunzi kumi na tisa mwaka huu, sita wasichana, na chumba changu kina dirisha linalotazama karakana, kwa hiyo hata nikiwa likizo nasikia nani anaharibu nini. Msalimie wifi. Mwambie nimeiona salamu yake ilipowekwa.

Mama mpe pole. Mwaka juzi uliniandikia kuwa yuko mahututi. Nilikaa ndani ya basi siku mbili, nikamkuta uani anaanika nguo, akaniuliza nimefuata nini. Kwa hiyo pole yangu ya safari hii ni ya kiasi.

Tuje kwenye gari. Sensa ile ina nyaya tatu. Mmoja unaleta volti tano kutoka kwenye kompyuta ya gari. Mmoja ni hasi, ndio njia ya kurudi. Wa katikati unapeleka habari ya mguu wako, kwamba umekanyaga mafuta kiasi gani. Washa swichi, injini iwe imezimwa. Pima wa kwanza, utazame kama tano zinafika. Halafu pima wa katikati huku ukikifungua kilango cha throto taratibu kwa mkono. Uanze kama nusu volti, upande bila kurukaruka hadi nne na nusu hivi. Narudia, injini iwe imezimwa.

Niandikie namba. Usiniandikie "iko sawa". Baba alikuwa mtu wa "iko sawa", na wewe umemrithi hilo pamoja na gereji.

Umesema nilizishika nyaya za gari lile. Nilizishika, kweli. Yaliyofuata hukuyaandika.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa majibu, ingawa yamechelewa. Watoto hawajambo. Mvua imeanza, paa la gereji linavuja juu ya benchi la Baba, nimelisogeza.

Namba zako hizi hapa. Waya wa kwanza, nne pointi tisa nane. Wa katikati unaanza nusu volti, unapanda laini kabisa hadi nne pointi nne. Nimerudia mara tano. Nikabadilisha sensa tena, ya pili hii, nikarudia. Hakuna kasoro hata chembe. Nilidhani mwalimu wa chuo angekuwa na zaidi ya hayo. Vipimo hivyo hata mimi navijua.

Alhamisi lilituzimikia katikati ya kilima. Wa nyuma wakapiga honi, mmoja akashuka akaja dirishani akasema maneno ambayo bahati nzuri Mama hakuyasikia, ila alimwona mdomo. Tulikaa pale dakika arobaini. Tulipofika, kwenye kitanda chake alikuwa amelazwa mtu mwingine, tukarudishwa nyumbani hivi hivi. Kukodi gari nimejaribu mara mbili. Mara ya pili Mama alitapika kwenye kiti, na dereva yule amewaambia wenzake wote wa kituoni.

Nakuomba, kama kuna kitu unakijua, kiseme. Hapa chini wifi yako ameomba nafasi ya mistari miwili.

Kaka yako

Wifi, haya ni kweli, mimi nilikuwemo ndani ya gari. Ukimbonyeza Mama mguuni kwa kidole, shimo linabaki. Usimjibu kaka yako, nijibu mimi.


5 Aprili

Kaka,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili. Nimekaa nayo mezani wiki mbili, kila nikikaa kusahihisha madaftari naisogeza kando. Sasa nakujibu. Wifi nampenda, lakini analala chumba kimoja na wewe, na mwaka juzi pia alisema ni kweli.

Nitakusimulia siku ile, maana naona kwako imefutika. Gari la mwenye duka la vioo lilikuwa kwangu tangu asubuhi. Kazi ilikuwa haijakwisha. Niliishiwa risasi ya kulehemu nikatoka kwenda kununua, nikaliacha boneti wazi na nyaya zimetandazwa. Niliporudi gari halipo. Mteja alikuwa na haraka, na mtu mmoja pale gereji aliimaliza kazi yangu akamkabidhi ufunguo. Siku ya nne likamzimikia juu ya reli. Aliruka nje akaanguka kwenye kokoto, akaja gereji magoti yanavuja damu. Na wewe, mbele ya mafundi wote na wateja, ukaninyooshea bisibisi ukasema, "Huyu hapa ndiye aliyeshika nyaya."

Mama alikuwepo. Alikuwa amewaletea chakula. Aliweka sufuria chini akaniambia niombe radhi yaishe. Hakuniuliza kitu. Nilizunguka gereji zote za mji ule miezi minane, na kila nilikobisha hodi walikuwa wameshasikia habari ya reli.

Ubovu wa gari lako naujua. Niliujua nilipofika nusu ya barua yako ya kwanza. Nitakuambia ulipo na utautengeneza kwa nusu saa. Kwanza niandikie kwa mkono wako nani alikuwa wa mwisho kulishika gari lile kabla halijatoka. Jina, na sahihi chini. Halafu umsomee Mama sentensi hiyo karibu na uso wake, polepole, kama unavyosema anavyosikia.

Ikiwa kweli anateseka kama mnavyoandika, sentensi moja haiwezi kukushinda. Ila sidhani anateseka. Nadhani Mama anajifanya, kama alivyojifanya mwaka juzi, kwa sababu wewe ukimwambia augue ataugua. Siku zote mtoto wake ulikuwa wewe.

Na kama hutaki, peleka gari kwa fundi mwingine. Usinipigie kwa simu ya mtu, usinitumie mtu. Nataka maandishi.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Wote tunapumua. Salamu nyingine sina.

Barua yako tumeisoma. Siandiki hicho unachokitaka. Kilichofanyika siku ile kilifanyika kama Baba alivyotufundisha wote wawili, na Baba aliamsha magari miaka arobaini ambayo hakuna chuo kilichoyaweza. Unataka niandike kuwa Baba alikuwa mjinga. Sitaandika.

Kwa fundi mwingine siendi. Mtaa huu unalijua gari hili na unajua mimi ni fundi umeme. Nikionekana nalivuta kwa kamba kwenda gereji ya mwenzangu, nifunge mlango kabisa.

Mama hataki tena kwenda hospitali. Jumatatu alikataa. Alhamisi akakataa. Amechoka na gari. Wifi yako amemlilia, hasikii, na safari hii sisemi masikio.

Nimefungua boneti siku tatu mfululizo natazama tu. Sina la kupima.

Kaka yako


3 Mei

Kaka, shikamoo.

Umeandika "tumeisoma". Wewe na nani?

Nimeirudia barua yako mara nyingi kwa ajili ya neno hilo. Nijibu hilo kabla ya lolote. Namba yako nimeifungua leo asubuhi, nipigie, wifi naye anipigie. Hicho nilichokitaka sikitaki tena. Chukua mita uende kwenye gari na barua hii.

Waya wa hasi wa sensa hauendi kwenye bodi ya gari. Unarudi kwenye kompyuta peke yake, hauchangii njia na kitu kingine chochote. Wa gari lile ulikuwa umekatikia ndani ya fungu la nyaya. Nilikuwa nimevuta mwingine mpya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye sensa, bado kuulehemu tu. Aliyekuja nyuma yangu akakuta kwenye sensa kuna waya wa hasi unaning'inia, akausokota kwenye ile boli ya bodi nyuma ya betri, akauzungushia tepu. Baba alikuwa akifunga kila hasi kwenye boli ile ile, gari lolote. Taa hazijali. Sensa inajali. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa kusoma hapa nilifunga hivyo hivyo, mwalimu akaniita mbele ya darasa nieleze nimejifunzia wapi, nikashindwa kusema ni kwa Baba. Ndiyo maana dalili zako nilizijua hata kabla sijamaliza kuzisoma.

Boli ile itakuwa imekula kutu. Feni ya rejeta inapita pale pale, taa kubwa nazo zinapita pale pale. Gari likiwa baridi feni haizunguki, mambo ni mazuri. Likipata moto feni inawaka, umeme wake unarudi kwa shida kwenye kutu, na hasi ya sensa inapandishwa nao. Wewe umeachia mafuta, kompyuta inaona umekanyaga. Injini inazimika. Ukipiga ufunguo feni ingali inazunguka, na starta nayo inavuta kwenye boli hiyo hiyo, hasi inapanda zaidi, kompyuta inaona umekanyaga mpaka chini. Inadhani injini imelowa petroli, inafunga petroli ili ikauke. Unaweza kuizungusha mpaka betri ife, haitashika.

Pima hivi. Acha injini iwake mpaka feni izunguke. Mkono mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya wa hasi wa sensa pale kwenye plagi. Inatakiwa isome sifuri au karibu nayo. Washa taa kubwa, tazama mita. Ukiona inapanda, ndio ubovu wenyewe. Ung'oe kwenye boli, uulehemu kwenye ule wangu unaotoka kwenye kompyuta. Utaukuta, nilivuta wa rangi ya kahawia.

Vile vipimo viwili vya mwanzo vilikuwa vya kweli, na nilikupa nikijua havitakuonyesha kitu. Injini ikiwa imezimwa feni haizunguki. Nilikuandikia mara mbili kwamba iwe imezimwa. Nilitaka ukwame, kisha unirudie.

Mpakie Mama hata kwa gari la kukodi, hata akikataa, mbebeni. Mimi kazini wamenipa ruhusa mitihani ikiisha, tarehe kumi na nane nitakuwa njiani. Mwambie nakuja. Mwambie karibu na uso.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe tatu imefika juzi. Mama alifariki tarehe thelathini Aprili, saa nne asubuhi, na tulimzika kesho yake. Ulipokuwa unaniandikia nipime nini, sisi tulikuwa tunakunja majamvi.

Wifi yako alitaka kukupigia siku ile ile kwa simu ya jirani. Nilimzuia, na baada ya hapo siku kumi hakuzungumza nami. Ulisema hutaki simu wala mjumbe, unataka maandishi. Haya ndiyo maandishi.

Umeniuliza niliisoma na nani. Niliisoma na Mama. Nilikuwa na hasira na wewe na nilitaka ajue mtoto wake amekuwa mtu wa namna gani. Nilivuta kiti kando ya kitanda, nikainama karibu na uso wake, nikamsomea polepole. Ile ya kulishika gari mwisho niliiruka. Nilimsomea pale uliposema anajifanya. Akaomba nirudie, nikarudia, yeye akinitazama mdomo. Akaniuliza, "Mwaka juzi ulimwambia mimi ni mahututi?" Kumbe hakuwahi kujua kwamba nilitumia jina lake kukuita. Akakunja pembe ya shuka. Kisha akasema, "Basi sitakwenda tena huko. Mwandikie sijakwenda, ili aone kama najifanya."

Nami nikakuandikia kuwa amechoka na gari.

Tulimwomba siku kumi na sita. Nilijaribu kumbeba mara moja akanitia kucha shingoni, alama ninayo. Siku za mwisho alikuwa anahema akiwa amekaa, kulala hawezi, maji yamejaa kifuani. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho. Alimuuliza wifi yako kama imekuja barua. Haikuwa imekuja.

Sasa hicho ulichokitaka. Wa mwisho kulishika gari la kijivu kabla halijatoka gereji ni mimi. Nilikuta waya wa hasi unaning'inia, mteja ananihimiza, nikausokota kwenye boli ya bodi nyuma ya betri nikazungusha tepu. Wewe hukuwepo. Uliporudi na risasi yako mkononi nilikuona na sikusema kitu. Siku ya reli pia nilijua ni mimi niliyelimaliza. Nimetia sahihi chini. Sina wa kumsomea.

Jana nilipima kama ulivyoelekeza. Sijui kwa nini nilipima, nadhani mikono haikuwa na la kufanya. Feni ilipoanza kuzunguka mita ikasoma mbili. Nikawasha taa kubwa, ikapanda hadi tatu na nusu, na injini ikafa pale pale mbele yangu. Nikaung'oa. Waya wako wa kahawia niliukuta umekunjwa vizuri nyuma ya kompyuta, umeufunga kwa uzi. Nililehemu kwa dakika ishirini. Sensa zote mbili nilizotupa zilikuwa nzima.

Tarehe kumi na nane usiharakishe mitihani ya watu kwa ajili yetu. Ukija, chumba cha Mama kipo, wifi yako amekifagia. Mimi sijui kama nitakaa meza moja na wewe, na wewe sijui kama utataka.

Leo Alhamisi nimelitoa gari kulijaribu. Nimekwenda nalo wakati wa foleni yenyewe, taa zote nimewasha, feni inazunguka, nikawa naachia mafuta na kukanyaga, naachia na kukanyaga, kilima chote. Halikuzimika hata mara moja. Nilifika mpaka mlango wa wagonjwa nikasimama, injini ikiwaka. Mlinzi akaja upande wa nyuma akafungua mlango, kama alivyozoea, akaniuliza leo namshusha nani.

Kaka yako
(sahihi)